Usiache Mbachao: Sarakasi na Utamaduni wa Taifa

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka wako wa zamani, umechakaa na kunyofoka ncha, lakini ni wako. Msala upitao ni mkeka mzuri wa mpita njia, nao utakwenda zake pamoja na mwenyewe.

Katika sanaa ya sarakasi, msala upitao wa siku hizi una jina. Unaitwa Cirque du Soleil, yaani Sarakasi ya Jua, nao ni kampuni ya mji wa Montreal, katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Wanafunzi wetu wa sekondari wanalijua jina hilo. Wameiona michezo yake katika televisheni na katika simu, wakashika vinywa kwa mshangao, kisha wakasema, “Wenzetu hao! Sisi hatuwezi.” Na wakubwa wao, watu wa vyeo na miwani, hutikisa vichwa na kuongeza, “Wale wana fedha.” Kauli hizi mbili tumezisikia barazani, tumezisikia maofisini, na la kusikitisha zaidi, tumezisikia katika chumba cha walimu. Sisi tunasema kwamba kauli zote mbili ni za uongo. Anayesema hatuwezi hajui historia ya nchi yake. Anayesema wale wana fedha hajui historia yao.

Basi na tuanze na historia yao.

Mwaka 1980, katika kijiji cha Baie-Saint-Paul, kando ya mto Saint-Laurent, palikuwa na kundi la vijana waliotafuta riziki kwa kutembea juu ya mironjo, kupiga ala za muziki na kumeza moto barabarani. Hawakuwa na ukumbi, hawakuwa na hema, wala hawakuwa na fedha. Mmoja wao, Gilles Ste-Croix, alipanda mironjo yake akatembea kutoka kijijini hapo hadi mji wa Quebec, mwendo wa kilomita zipatazo 90, ili serikali ya jimbo imwone na isikie ombi lake. Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Guy Laliberté, mmeza moto na mpiga kodiani. Mwaka 1982 waliandaa tamasha la wasanii wa barabarani katika kijiji hicho hicho. Hao ndio matajiri tunaoambiwa habari zao!

Mwaka 1984 jimbo la Quebec lilikuwa likiadhimisha miaka 450 tangu Jacques Cartier afike Kanada. Serikali ya jimbo iliwapa vijana hao zaidi ya dola milioni moja za nchi yao, ikawaagiza wazunguke na onyesho lao katika miji ya jimbo zima. Ndivyo ilivyozaliwa Cirque du Soleil: haikuzaliwa sokoni, ilizaliwa katika sherehe ya umma, kwa fedha ya umma, kwa ajili ya watu wa miji midogo. Hema lao la kwanza, la rangi ya buluu na manjano, lilikuwa na nafasi ya watu 800 tu. Mwanzoni mwa safari hiyo mvua ilinyesha, maji yakajaa juu ya turubai, mlingoti wa katikati ukavunjika na hema likaanguka. Hawakurudi nyumbani. Mwaka uliofuata walivuka mpaka wa jimbo lao wakaenda Ontario. Watazamaji wakawa haba, na kundi likarudi na mzigo wa madeni. Serikali ya Quebec haikusema, “Tuliwaambia, sanaa hailipi.” Iliwashika mkono mara ya pili.

Mwaka 1987 walialikwa katika tamasha la sanaa la Los Angeles, nchini Marekani. Walikuwa na fedha ya kuwafikisha huko, lakini hawakuwa na ya kuwarudisha. Kama onyesho lingeanguka, hema na vyombo vingebaki ugenini. Halikuanguka. Tangu hapo safari zao zilipanuka: Nouvelle Expérience mwaka 1990, Saltimbanco mwaka 1992, Alegría mwaka 1994, Quidam mwaka 1996, Dralion mwaka 1999. Saltimbanco peke yake ilizunguka duniani kwa miaka 20 kabla ya kupumzishwa mwaka 2012. Hema la watu 800 likawa hema la watu zaidi ya 2,500, lenye mitambo yake ya umeme na jiko lake, likisafirishwa kwa malori mengi kutoka mji hadi mji. Na kampuni yenyewe yasema kwamba tangu mwaka 1992 haikupokea tena ruzuku.

Tunaomba msomaji alitazame jambo hilo la mwisho kwa makini, maana hapo ndipo wengi hupotoka. Wapo wasomao kwamba kampuni hiyo haipokei ruzuku, wakashangilia: “Mnaona? Sanaa ijitegemee!” Naam, ijitegemee. Lakini mtoto hunyonyeshwa kwanza ndipo akaachishwa ziwa. Mwenye kumwachisha mtoto ziwa siku aliyozaliwa hamfundishi kujitegemea, anamzika.

Sasa tuje kwetu, maana hatukuisimulia habari ya Quebec kwa ajili ya kuwasifu watu wa Quebec.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa sababu aliona kwamba taifa lililonyang'anywa ngoma zake na kufundishwa kuzionea haya lilikuwa bado halijawa huru. Kilianzishwa kikundi cha ngoma cha taifa. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wetu walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakakaa huko kwa miaka, wakifundishwa na mabingwa wa nchi ambayo sanaa hiyo ni ya kale mno. Waliporudi, mwaka 1969, kiliundwa kikundi cha sarakasi cha taifa.

Tunaomba kila mwalimu aiandike ubaoni hesabu hii: kutoka mwaka 1969 mpaka mwaka 1984 ni miaka 15. Miaka 15 kabla ya Cirque du Soleil kuwa na hema lake la kwanza, Tanzania ilikuwa na kundi la wanasarakasi waliofundishwa kwa utaratibu, wakilipwa mshahara na umma, wakionyesha sanaa yao mbele ya wananchi na mbele ya wageni wa taifa. Vile vitu vitatu vilivyowainua vijana wa Baie-Saint-Paul, yaani mafunzo, safari na imani ya serikali yao, sisi tulikuwa navyo kabla yao.

Tulivifanya nini? Ilipofika mwaka 1980 vikundi vya sanaa vya taifa vilikuwa vimevunjwa. Hatusemi kwamba waliovivunja hawakuwa na sababu. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, hazina ilikuwa tupu, na mafuta yalikuwa yamepanda bei. Wala hatusemi kwamba kila kitu kilipotea: mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza kazi, na baadhi ya wasanii wa vikundi vile wakawa walimu wake. Chuo hicho, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kimefanya kazi ya kuheshimiwa. Lakini chuo ni chuo, na kundi ni kundi. Chuo hufundisha, kundi husafiri. Seremala akifundishwa kupiga randa kisha asipewe karakana, ataishia kuuza randa yake.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1984, mwaka ule ule wa hema la buluu na manjano, sisi tulitunga sheria ya kuunda Baraza la Sanaa la Taifa. Wao walilipa kundi safari. Sisi tuliipa sanaa kanuni. Kanuni ni jambo jema, nasi tuliotumikia maofisini hatutazidharau. Lakini hakuna mtu aliyewahi kupinduka hewani juu ya jalada. Katika miaka hiyo sarakasi yetu iliokolewa na vikundi vya mjini, kama Muungano na DDC Kibisa, vilivyoichanganya na ngoma, maigizo, kwaya na taarabu katika maonyesho ya mabaa ya Dar es Salaam. Tunavishukuru vikundi hivyo. Lakini sanaa iliyozaliwa kwa ajili ya taifa ilikuwa sasa ikichezwa kati ya meza za bia, na mtoto wa shule, ambaye ndiye aliyestahili kuiona kuliko wote, alikuwa hana ruhusa ya kuingia.

Hapana budi sasa tuwajibu wapinzani wetu, nao ni watatu.

Wa kwanza husema sarakasi ni mchezo wa wahuni. Tunamkumbuka mzee mmoja, mtu mwema katika mambo mengine, aliyemchapa mwanawe kwa sababu alimkuta ufukweni akitembea kwa mikono. “Mungu alikupa miguu,” alimwambia. Kwa watu wa mawazo hayo tunajibu hivi. Mhuni hawezi sarakasi. Mtu anayesimama juu ya mabega ya mwenzake, juu ya mabega ya mwingine, hukabidhi shingo yake kwa wale walio chini. Wa chini akinywa pombe usiku, wa juu atakufa asubuhi. Hakuna sanaa inayodai kiasi, kulala mapema, kuaminiana na kurudia jambo lile lile mara elfu kama sanaa hii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mwanasarakasi huinama kila siku tangu utotoni. Mwaka 1981 Montreal ilianzishwa shule ya sarakasi ambayo ikawa chimbuko la wasanii wengi. Hao wanaowapigia makofi leo walikaa darasani. Na mwaka 1995 kampuni hiyo ilianzisha mpango wa kuwafundisha sarakasi vijana waliotelekezwa mitaani, kwa sababu iligundua kwamba mtoto asiyemwamini mtu yeyote hujifunza kuamini siku anapodakwa. Sisi wenye vijana wengi vijiweni tunangoja nini?

Mpinzani wa pili ni msomi zaidi. Husema sarakasi si utamaduni wetu, ilitoka China. Hoja hii inavaa kanzu ya uzalendo, lakini ndani yake ni kasumba. Kwanza, hao watu wa Montreal walichota kwa majirani bila haya. Guy Caron, mkuu wao wa kwanza wa sanaa, alisoma sarakasi Budapest, nchini Hungaria. Walitazama sarakasi ya Moscow wakajifunza namna ya kuunganisha michezo kwa muziki na kisa kimoja. Onyesho lao la Dralion la mwaka 1999 lilijengwa juu ya wanasarakasi wa China, hata jina lenyewe ni dragoni na simba waliofungwa pamoja. Wao wakichota kwa Wachina huitwa wabunifu. Sisi tukichota pale pale tunaitwa waigaji. Nani aliyeweka mizani hiyo?

Pili, si kweli kwamba hatukuwa na kitu. Wamakonde walicheza ngoma za vinyago juu ya mironjo bila kungoja ruzuku ya mtu. Wasukuma, katika mashindano ya Bagika na Bagalu, wamecheza na nyoka na fisi mbele ya umati, na kila upande ukabuni vituko ili uwavute watazamaji. Mkwezi wa pwani hupanda mnazi kwa mikono, miguu na kipande cha kamba, na hakuna aliyemlipa kiingilio. Mwili wa Mtanzania haukusubiri meli kutoka Shanghai ili ujue kujipinda. Kilichotoka China ni utaratibu wa mafunzo, na utaratibu huo tukautia ngoma zetu na mapigo yetu ukawa wetu. Neno lenyewe “sarakasi” tulilikopa ng'ambo, kama tulivyokopa “kitabu” na “meza”. Je, tuvichome vitabu na kuvunja meza kwa sababu majina yake yalivuka bahari?

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye sauti kubwa zaidi siku hizi. Huyu haisemi vibaya sarakasi, huisifu. Husema, “Iacheni mikononi mwa soko. Wenye vipaji watajitokeza, wenye fedha watawaona.” Huyu naye anastahili kusimuliwa mwisho wa kisa cha Montreal, maana yeye aliishia katikati.

Mwaka 2015 Laliberté aliuza sehemu kubwa ya kampuni yake kwa kampuni ya Marekani ya wawekezaji iitwayo TPG, pamoja na washirika wa China na wa Quebec. Wenye kununua hawakuja na mironjo; walikuja na mahesabu. Kampuni ikapanuliwa, ikanunua kampuni nyingine, ikabebeshwa madeni yaliyofika karibu dola bilioni moja za Marekani. Wahenga wetu walikuwa na neno kwa jambo hilo: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwezi wa Machi mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga milango ya dunia. Maonyesho 44 yalisimama kwa pamoja. Mwezi wa Juni kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, na watu wapatao 3,500 wakaachishwa kazi. Mwishoni mwa mwaka huo kampuni ilikuwa mikononi mwa wale waliokuwa wakiidai. Maonyesho yalirudi baadaye, nasi tunafurahi kwa ajili ya wasanii. Lakini somo linabaki. Mwaka 1984 mlingoti ulivunjika kwa mvua, na kundi likasimama tena kwa sababu nyuma yake walikuwapo watu wao. Mwaka 2020 hakuna mlingoti uliovunjika. Hema lilianguka kwa uzito wa deni.

Haya, ndilo soko hilo. Na kwetu soko limefanya nini? Limewachukua wanasarakasi wetu mmoja mmoja, likawapeleka Ulaya, Marekani na kwingineko, katika majukwaa ya watu wengine. Mwezi wa Februari mwaka 2024 vijana wawili wa Kitanzania, Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu, wajulikanao kama Ramadhani Brothers, walishinda shindano kubwa la televisheni la Marekani, mmoja akisimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake. Sote tulishangilia, nasi hatuoni haya kusema kwamba machozi yalitutoka. Lakini tujiulize. Ilitupasa tungoje Marekani ituambie kwamba watoto wetu ni hodari? Watoto wa Newala, Kahama na Pangani wamewaona vijana hao kwa macho yao, au wamewaona katika kioo cha simu ya mtu? Na yule mwanasarakasi ambaye hakushinda, aliyeteguka uti wa mgongo ugenini akarudi kimya kimya, nani alikwenda kumpokea?

Nyota njema huonekana asubuhi. Yetu ilionekana mwaka 1969, tukaenda kulala.

Hatupendi kulaumu bila kupendekeza. Hatudai hema la watu 2,500, wala taa za Las Vegas. Tunadai mambo matatu yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza, sarakasi ifundishwe shuleni pamoja na michezo mingine, na walimu wake wapatikane kutoka Bagamoyo. Samaki mkunje angali mbichi, na hakuna methali iliyowahi kuwa ya kweli zaidi kuliko hiyo kwa sanaa hii. Gharama yake ya kwanza ni magodoro, mwalimu anayejua kudaka, na uwanja uliofagiliwa. La pili, kundi la sarakasi la taifa lifufuliwe, dogo tu, nalo liagizwe kusafiri. Lisikae Dar es Salaam likingoja wageni wa taifa. Lizunguke wilayani, likaonyeshe mchana, mahali ambapo mtoto wa shule ataingia bila kupita mbele ya chupa. Quebec ilianza kwa miji yake midogo, dunia ilifuata. La tatu, mwanasarakasi ahesabiwe kuwa mfanyakazi, awe na bima na kiinua mgongo, kwa maana mwili wake huzeeka kabla ya umri wake.

Ndugu walimu, haya ya pili na ya tatu ni ya serikali, nasi tutaendelea kuyapigia kelele huko ilipo. Lakini la kwanza liko mikononi mwenu. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, mtamwona mtoto uwanjani ametia mikono chini na miguu juu, shati limemfunika uso, na wenzake wanahesabu hatua zake. Msimwite mhuni. Hesabuni pamoja nao, kisha mwambieni kwamba nchi yake ilikuwa na kundi lake miaka 15 kabla ya lile analolitazama katika simu.

Na nanyi wanafunzi, mkilitazama hilo kundi la wenzetu, litazameni kwa heshima, kwa sababu lilianza kwa mironjo na njaa. Lakini mkimaliza kutazama, zimeni simu mkaukung'ute mkeka wenu. Umechakaa, ni kweli. Sisi wazee wenu tumeuacha uani ukanyeshewa. Lakini haujaoza.